Maswali Yanayosubiri Nje ya Mlango: Mhadhara kwa Watu Wazima wa Ng'ambo, Tabora

Mwanamke aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga ya Igunga au Nzega, kisha akaolewa Ng'ambo mjini Tabora, anaweza kuanza kuona damu kila baada ya tendo la ndoa. Tumbo la chini linamuuma, uchafu unaotoka ukeni unabadilika, na mimba haishiki. Mume akiambiwa, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mkewe ametoka nje na kuleta ugonjwa ndani ya nyumba. Wanakwenda duka la dawa, wanapewa vidonge vya kisonono. Vidonge vinaisha, damu inarudi, na lawama zinarudi zikiwa zimeongezeka. Kumbe huenda kinachomsumbua mama huyo ni kichocho alichokipata akiwa mtoto wa miaka minane, akichota maji dimbwini au akipandikiza mpunga pamoja na mama yake.

Mhadhara huu umeanzia hapo kwa makusudi. Maswali ya watu wazima kuhusu miili yao na maisha yao ya chumbani ni mengi: damu, maumivu, nguvu za kiume, ukavu, muda, hamu iliyopungua, magonjwa, kinga. Mengi yana majibu yanayojulikana na tiba isiyo ghali. Kinachoharibu ni kuchelewa kuuliza, na kumuuliza asiyejua.

Kichocho kwanza, kwa kuwa ni jambo la nchi hii ya magharibi na linasemwa kidogo mno. Kila mzazi wa Unyamwezi na Usukuma anamjua mtoto anayekojoa damu. Mdudu wake, anayeitwa kitaalamu Schistosoma haematobium, hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, hutoka na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga humfaa sana. Minyoo iliyokomaa huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai kwa miaka. Mayai mengi hutoka na mkojo. Mengine hukwama kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, na pale yanapokwama nyama huvimba, hutoa damu kirahisi na hufanya mabaka yanayofanana na punje za mchanga. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana tatizo hili, karibu wote wakiwa Afrika kusini mwa Sahara.

Wanaume nao hawakusazwa. Mayai yanaweza kukaa kwenye tezi dume na mirija ya shahawa, na mwanamume akaona damu kwenye manii yake. Naye huogopa, naye hukaa kimya.

Jambo ambalo kila mwanandoa anapaswa kulijua ni hili: kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mwanamke mwenye kichocho kwenye mlango wa kizazi hakuletewa na mwanamume yeyote, alikipata majini. Hata hivyo vidonda vyake vinaweza kuvirahisishia virusi vya UKIMWI (VVU) njia ya kuingia. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya mkoa wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 uliwakuta wanawake wenye kichocho cha mkojo wakiwa na VVU kwa wingi zaidi kuliko wenzao wasio nacho. Dawa yake, prazikwanteli, ndiyo ileile wanayopewa watoto shuleni. Inaua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kufanyika hukawia kupona, na mengine hayaponi. Kwa hiyo kutibiwa mapema kuna maana kubwa, na mhudumu wa afya hawezi kukifikiria kichocho kama mgonjwa hakumwambia alikulia wapi.

Tukija kwenye magonjwa ya ngono yenyewe, tuanze na safari: Tabora ni mji wa wasafiri tangu kuzaliwa kwake. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kama walivyoiita Tabora, mwezi Novemba 1857 waliikuta tayari ni kituo cha misafara, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamejenga nyumba zao. Njia ya kutoka Bagamoyo iliingia hapa, ikaendelea hadi Ujiji, na tawi lingine likaelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa barabarani kwa miezi mingi. Wanawake pia walisafiri kwenye misafara hiyo, wengine wakiwa wake, wengine wapishi na wachukuzi, wengine watumwa ambao hawakuulizwa lolote kuhusu miili yao. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na baadaye tawi likaenda Mwanza. Leo yapo malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mafundi wa reli mpya ya mwendo kasi.

Watu wanaokaa mbali na nyumba zao kwa muda mrefu hupata magonjwa ya ngono kwa urahisi zaidi, na huyapeleka wanakokwenda. Hali hiyo iko kila mahali penye bandari, kambi ya machimbo au kituo cha malori, na si aibu ya kabila wala mji wowote. Afrika Mashariki iliwahi kulipia gharama ya kuligeuza jambo hili kuwa aibu ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa jeshi la Uingereza walitangaza kwamba sehemu kubwa ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende, wakayahusisha hayo na tabia za wanawake. Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianza mwaka 1913 kama mahali pa kutibu magonjwa ya ngono. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliona kwamba makadirio yale yalitiwa chumvi nyingi, na kwamba wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende walikuwa na buba au maradhi ya jamaa yake, ambayo hupatikana kwa kugusana ngozi utotoni. Watu walihukumiwa tabia zao kwa kidonda ambacho hakikutokana na ngono. Mume wa Ng'ambo anayemtuhumu mkewe kwa damu ya kichocho anarudia kosa hilohilo.

Lakini kaswende yenyewe ipo, na inaua watoto kabla hawajazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia wajawazito jijini Mwanza. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwahi kupimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walihusishwa na kaswende ya mama. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini walijifungua salama sawa na wanawake wasio na ugonjwa. Sindano moja! Hii ndiyo sababu mama mjamzito huombwa aje kliniki na mwenzake: akitibiwa yeye peke yake, ataambukizwa tena nyumbani.

Mwanza imewahi kuifundisha dunia jambo jingine. Kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huo ziligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja, vituo vya afya vilifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa kuwapo, na watu wakahimizwa kuja mapema. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU katika kundi hilo yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko kundi jingine. Hazikutumika mashine kubwa. Ilihitajika dawa iwepo, mhudumu asiwe mkali, na mgonjwa asione haya kuingia mlangoni.

Kuona haya ndicho kikwazo kinachotajwa kila mara, na mara nyingi dini husingiziwa. Katika mji wenye misikiti mingi kama Tabora inafaa kukumbuka habari ya Ummu Sulaym, mwanamke wa Madina, aliyemwendea Mtume na kumuuliza kama mwanamke aliyeota ndoto za usiku anawajibika kuoga. Hakukemewa, alijibiwa waziwazi. Bibi Aisha naye anasimuliwa kuwa aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza. Watu wa pwani waliokuja na misafara walikuwa na desturi yao ya kungwi na somo, wanawake watu wazima waliomkalisha mwali na kumweleza mambo ya hedhi, usafi na unyumba bila kuyazungusha maneno. Desturi hiyo ilikuwa na ushujaa wa kuutaja mwili kwa majina yake. Upungufu wake ni kwamba mzigo wa kuridhisha uliwekwa zaidi kwa mwanamke, na bwana harusi hakufundishwa kwa kiasi hicho namna ya kumsikiliza mke.

Kutofundishwa huko kunaonekana hadi leo katika maswali ya wanaume. Linaloongoza ni nguvu za kiume. Stendi za mabasi, magulio na mitandao ya simu zimejaa mizizi, unga na vichupa: mkongo, vumbi la Kongo, asali iliyochanganywa na magome. Asali ya Tabora ni chakula bora na ina sifa yake nchi nzima, lakini haizibui mshipa wa damu ulioziba.

Uume husimama kwa damu. Mishipa yake ni myembamba kuliko ile ya moyo, na kwa hiyo kisukari, shinikizo la damu, mafuta mengi kwenye damu na sigara huidhuru mapema. Mwanamume wa miaka 50 ambaye uume wake umeanza kulegea anaweza kuwa anapewa taarifa ya ugonjwa wa moyo miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Akiishia kwenye kichupa cha stendi, taarifa hiyo inapotea. Pombe, uchovu, msongo wa mawazo, na baadhi ya dawa za presha na za sonona pia huleta tatizo hilo. Kwa kijana ambaye asubuhi anaamka uume ukiwa umesimama vizuri lakini akiwa na mwenzake hauamki, mara nyingi chanzo kiko kwenye hofu na mawazo kuliko kwenye mishipa.

Dawa ya sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, inafanya kazi na imewasaidia wengi, ila ni ya kuandikiwa na daktari. Mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akiichanganya nayo, presha inaweza kushuka ghafla na akafa. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimegundua mara nyingi kwamba vidonge na unga unaouzwa kama mitishamba umetiwa sildenafili kwa siri. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anameza akidhani ni mzizi.

Yako maswali mawili ya wanaume ambayo yanaweza kufungwa kwa tarakimu. La kwanza ni ukubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya vipimo vya wanaume wapatao 15,500 vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya, uliona wastani wa urefu wa uume uliosimama ni sentimita 13 hivi. Wengi mno wako karibu na hapo, na krimu za kurefusha hazirefushi. La pili ni muda. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya jozi 500 za wenzi wa nchi tano, Uturuki ikiwemo, waliopima kwa saa muda wa kuingiliana hadi mwanamume amalize. Muda wa kati ulikuwa dakika 5.4. Anayedhani wenzake wote wanakesha amedanganywa na filamu za ngono. Anayemaliza ndani ya dakika moja karibu kila mara, na jambo hilo likawakera yeye na mwenzake, ana tatizo linalotibika.

Na idadi ya mara kwa wiki? Haipo. Wenzi wanaotosheka na mara moja kwa mwezi wako sawa, na wanaokutana kila siku wako sawa pia, ilimradi wote wawili wanataka. Punyeto nayo haisababishi upofu, wazimu wala ugumba. Hukumu yake ya kidini ni suala la kumuuliza shehe au padri, na daktari hana la kuongeza.

Wanawake huuliza kwa sauti ya chini zaidi, na wengi huanza na maumivu au ukavu. Ukavu huja kwa sababu nyingi: kunyonyesha, baadhi ya njia za uzazi wa mpango, kukoma hedhi ambako kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, au tu mume kuwa na haraka. Wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa pekee, kwa sababu penye hisia nyingi zaidi ni kwenye kisimi. Makungwi walijua hilo kabla ya vitabu vya siku hizi. Mume aliyeelezwa hivyo na akapunguza haraka anaweza kuokoa fedha nyingi za dawa za kuongeza hamu.

Hapa panahitaji neno kali kidogo. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au magadi, au kuweka shabu na ugoro ili kuukausha na kuubana, kunadhuru. Uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi na kuulinda; wakifukuzwa, harufu na uchafu huongezeka, na ngozi iliyokauka huchanika wakati wa tendo na kufungua njia ya VVU. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Wanaume wanaodai uke mkavu ndio wanaolifufua soko la shabu, na mazungumzo kuhusu jambo hili yasiachiwe wanawake peke yao.

Damu baada ya tendo ina sababu nyingine ambayo haipaswi kusubiri, nayo ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa saratani za wanawake Tanzania. Husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana navyo. Kwa wengi mwili huvifukuza, kwa wachache hukaa na kugeuza chembe hai kuwa saratani polepole kwa miaka 10 au zaidi. Upimaji wa siki, yaani mhudumu kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panageuka weupe, huchukua dakika chache, na chembe zilizoanza kubadilika huweza kutibiwa kabla hazijawa saratani. Chanjo ilianza kutolewa Tanzania mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaua kizazi hauna ukweli. Kinachoua kizazi ni kisonono na klamidia visivyotibiwa, vinavyoacha makovu kwenye mirija ya uzazi, mara nyingi bila mwanamke kuhisi lolote.

Uvumi wa namna hiyohiyo umeziandama njia za uzazi wa mpango. Kitanzi na vipandikizi vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha: baada ya kuiacha inaweza kupita miezi tisa au kumi, wakati mwingine zaidi, kabla mimba haijashika. Anayepanga kuzaa mwakani aambiwe hilo kabla hajachomwa.

Kuhusu UKIMWI, Tanzania imepita njia ndefu. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikipendwa wakati ule. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na baadhi ya wenye VVU waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Mwaka huohuo wa 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha wenzi wa nchi kadhaa, zikiwemo Malawi, Zimbabwe na Kenya: kumwanzishia mapema mwenye virusi dawa za kufubaza kulipunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenzake. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa jozi 888 za wenzi barani Ulaya, waliokuwa wakikutana bila kondomu huku mwenye virusi akiwa kwenye dawa na virusi vimefubazwa, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Mtu anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Anaweza kuoa, kuolewa na kuzaa.

Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wana VVU, na maambukizi mapya kwa watu wa umri huo yalikadiriwa kuwa 60,000 kwa mwaka. Tangu Novemba 2019 sheria inamruhusu mtu kujipima mwenyewe. Zipo pia dawa za kinga za kumeza kabla, kwa aliye kwenye hatari kubwa, na za kumeza ndani ya saa 72 baada ya kubakwa au kondomu kupasuka. Mapema zaidi ndiyo bora. Tohara ya kitabibu, ambayo Tabora ni miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele, humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi, kama yalivyoonyesha majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm ya Afrika Kusini. Asilimia 60 si 100. Kondomu bado inahitajika, na dereva anayelala Nzega leo na Kigali kesho aifunge mizigoni pamoja na mswaki.

Ombi la mhadhara huu kwa wakazi wa Ng'ambo na vijiji vya jirani ni la wiki hii. Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo la ndoa aende kituo cha afya, aombe kuchunguzwa mlango wa kizazi, na amtajie mhudumu kijiji alichokulia na maji aliyokuwa akioga ili kichocho kisisahaulike. Mwanamume ambaye nguvu zimepungua apimwe presha na sukari kabla hajanunua chochote stendi. Na mume mwenye wasiwasi na mkewe aende naye kliniki, akae kwenye benchi lilelile, asikie majibu kwa masikio yake.